Mtoto mkimya hana kosa la kusahihishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme jambo ambalo lilinipasa kulisema nikiwa bado kazini. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 32, na sasa ni mstaafu ninayefuga kuku na kuwasahihisha watangazaji wa redio nikiwa peke yangu barazani. Mwishoni mwa muhula uliopita mjukuu wangu, aliye darasa la tano, alirudi nyumbani na ripoti yake ya maendeleo ndani ya bahasha ya kaki. Alama zilikuwa nzuri. Chini kabisa, kwenye mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa, palikuwa na maneno matano: "Ana uwezo, ila mkimya. Achangamke." Mama yake aliyasoma kwa sauti mbele yetu na mbele ya wageni wawili tuliokuwa nao, akamgeukia mwanawe, akasema, "Unaona? Hata mwalimu ameliona." Mtoto hakujibu. Alikusanya vikombe vya chai kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia, vishikio vyote vikielekea upande mmoja, akaenda navyo uani, na hakurudi sebuleni mpaka wageni walipoaga.

Kilichonishtua ni kwamba sentensi ile naijua. Nimeiandika mimi mwenyewe, kwa wino mwekundu, katika ripoti za mamia ya watoto wa watu, na pale nilipoona kuwa "achangamke" haitoshi niliongeza "apunguze woga", nikimwandikia mtoto ambaye sikuwahi hata siku moja kumwona akiogopa kitu. Sikumaanisha ubaya. Mimi ni mwongeaji kwa kuzaliwa, kama urefu wa barua hii utakavyokuonyesha, Mhariri, na kwa muda mrefu nilidhani kila asiyeongea kama mimi ana kitu kimemkwama kooni ambacho mwalimu mwema atamsaidia kukitoa.

Vijana wa siku hizi wana maneno yao: huyu ni introvati, yule ni ekstrovati, na huyataja kama watu wanavyotaja nyota zao za kuzaliwa. Aliyeyaeneza ni daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, Carl Gustav Jung, katika kitabu alichokitoa mwaka 1921, na asili yake ni Kilatini: introvati, yaani mkimya, amegeukia ndani, na ekstrovati, yaani mchangamfu, amegeukia nje. Jung hakusema kwamba mmoja ni mzima na mwingine mgonjwa. Alieleza kuwa nguvu za nafsi huelekea zaidi upande fulani, kwa huyu kwenye fikra na hisia zake mwenyewe, kwa yule kwenye watu na mambo yanayomzunguka, na kwamba hakuna binadamu aliye wa upande mmoja mtupu. Mtu huyu, kwa taarifa ya wasomaji, aliwahi kufika kwetu. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaendelea mpaka Mlima Elgon, ambako alizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kubahatisha na kamusi ndogo mkononi. Katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi alivyofika kwenye mbuga za Athi, akatembea kuwaacha wenzake mpaka hawakuonekana tena, ili aionje hali ya kuwa peke yake kabisa mbele ya makundi yale ya wanyama. Najiuliza kama angekuwa mwanafunzi wangu ningemwandikia nini kwenye ripoti, na jibu nalijua.

Baada yake alikuja Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyezaliwa Berlin na kufanya kazi London, ambaye katika miaka ya 1960 alishikilia kwamba tofauti hii ina mizizi mwilini. Kwa maoni yake ubongo wa mkimya huwa tayari umeamka vya kutosha, kwa hiyo kelele na pilikapilika humjaa upesi, ilhali wa mchangamfu huhitaji msisimko mwingi zaidi kutoka nje ndipo ajisikie yuko sawasawa. Si yote aliyoyasema yamesimama kama alivyoyasema, lakini tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti tunazoziona baina ya watu katika jambo hili hutokana na kurithi. Nusu ni kiasi kikubwa. Mtoto huingia darasani nayo kama alivyoingia na rangi ya macho yake, na wino wangu mwekundu haukuwa na uwezo wa kuifuta.

Wala sikuhitaji wataalamu wa Ulaya kunifundisha hayo, kwa sababu somo lilikuwa ndani ya nyumba yangu. Mke wangu ni mkimya. Tukitoka harusini usiku, mimi huwa ndio kwanza nimeanza: nataka tulirudie lote, nani alicheza, nani alitoa ahadi kwenye kikao na siku yenyewe hakuonekana, pilau la meza ile na la meza hii. Yeye, ambaye saa moja nyuma alikuwa anapiga vigelegele na wenzake, huvua viatu, huketi ukingoni mwa kitanda na kutazama dirisha. Kwa miaka mingi niliamini amenuna, na kwa kuwa niliamini amenuna nilimfuata na maswali, na maswali yangu yakamfanya anune kweli. Siku moja aliniambia, bila hasira, "Baba watoto, sijanuna. Nimeshiba watu." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Aliyeshiba hakichukii chakula wala hamchukii mpishi; ameshiba tu, na kesho atakula tena. Mimi kwa upande wangu ni mtu wa njaa ya watu, na nikikaa siku mbili bila mgeni naanza kuzungumza na kuku.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, nami nilikosea pamoja nao: tunachanganya ukimya na haya. Mwenye haya anatamani kuingia katika mazungumzo lakini anaogopa atachekwa, na hofu hiyo inamtesa, kwa hiyo ni wema kumsaidia aishinde taratibu. Mkimya anaweza kusimama mbele ya paredi akasoma risala bila kutetemeka, kisha akaomba aachwe akae chini ya mwembe na kitabu chake. Tena wapo wachangamfu wenye haya nyingi, wanaopiga kelele ili kuifunika. Mwalimu asiyezitenganisha hali hizi humtibu asiyeumwa, na anayeumwa humpita.

Lugha yetu nayo haijatusaidia sana. Nimeifundisha na ninaipenda, lakini nikizikusanya methali naona tumewatilia shaka wote wawili. Mwongeaji tunamwambia debe tupu haliachi kuvuma, kana kwamba hakuna debe lililojaa ambalo pia huvuma likigongwa. Mkimya tunamwambia kimya kingi kina mshindo mkuu, maneno yanayomfanya aonekane kama mtu anayetega kitu. Nje ya methali hali ni mbaya zaidi. Asiyekaa kijiweni anaitwa mwenye maringo. Mfanyakazi anayekula chakula chake cha mchana peke yake anaambiwa anajisikia. Msichana asiyecheka na kila mtu ana nyodo. Na bibi mzee anayependa kukaa ndani, katika baadhi ya vijiji vyetu, anaweza kusingiziwa mambo ambayo sitaki kuyaandika. Upande wa pili kijana anayeuliza sana ana kiherehere, na mwanamke anayezungumza mkutanoni ana domo. Ukiyapima maneno haya yote hutakuta hata moja linalosema mtu amefanya nini.

Lakini nirudi darasani, maana huko ndiko ninakokujua. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alifanya jambo jepesi katika miaka ya 1960 na 1970: alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Aligundua kwamba kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine, kulirudia swali au kulijibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, yakapata hoja, na watoto ambao hawakuwa wakijibu walianza kujibu. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimebakiza miaka michache ya kustaafu, nikaijaribu. Niliuliza swali kuhusu shairi, nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu, nikaona sekunde tatu darasani zina urefu wa foleni ya maji. Mikono ya siku zote ilikuwa juu tayari, vidole vikichapwa hewani, "Mwalimu! Mwalimu!" Kwenye sekunde ya nne mkono niliokuwa sijawahi kuuona ulipanda mpaka usawa wa sikio, ukasimama hapo.

Kabla ya hapo nilikuwa na msichana wa kidato cha tatu ambaye hakuwahi kunyoosha mkono mwaka mzima. Tulikuwa tukijadili utenzi au riwaya, anasikiliza, kengele inalia, tunatoka. Kesho yake asubuhi, kabla ya paredi, nilikuwa nakuta juu ya meza yangu karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kukunjwa mara nne, na ndani yake jibu la swali la jana, limefikiriwa, limepangwa, na mara mbili au tatu lilikuwa bora kuliko lile nililolitoa mimi. Nililisoma, nikafurahi, nikaliweka ndani ya kitabu. Kisha, ilipofika kujaza alama za ushiriki darasani, nilimpa kumi na nne kwa mia, kwa kuwa kwangu kushiriki kulikuwa ni kupaza sauti. Yule mtoto alishiriki kuliko wote. Alishiriki usiku, kwa kibatari, na karatasi alitumia zake.

Sipingi ufundishaji shirikishi. Mtaala wetu wa sekondari ulielekezwa kwenye kujenga umahiri tangu mwaka 2005, na ni haki mtoto ajifunze kusema na kusikilizwa. Ninachopinga ni namna tulivyoufanya ushirikishi uwe karatasi moja ya manila, maka peni moja, na watoto kumi na wawili wanaoizunguka, ambapo mwenye sauti kubwa huishika maka peni tangu mwanzo mpaka mwisho na wengine huwa watazamaji wa mwandiko wake. Walimu walio kazini wanaijua mbinu ya "fikiri, jozisha, shirikisha", iliyobuniwa na Mmarekani Frank Lyman mwaka 1981 na ambayo hutajwa katika semina zetu nyingi. Katika mbinu hiyo mtoto kwanza hufikiri peke yake, kisha huzungumza na mwenzake mmoja, ndipo jambo hupelekwa mbele ya darasa zima. Inatugusa sote: mkimya anapata muda wake, mchangamfu anapata sikio la kumsikiliza mapema kabla hajapasuka. Mara nyingi lakini, kwa sababu kipindi ni kifupi na wanafunzi ni sabini, tunaruka "fikiri", tunaruka "jozisha", na tunabaki na shirikisha peke yake.

Nisije nikaeleweka kuwa nimehamia upande wa wakimya na kuwaacha ndugu zangu waongeaji. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani mpaka mwisho wa Juni, nilimwona jirani yangu, kijana mchangamfu kupita kiasi, akinyauka kama mchicha uliong'olewa. Hakuwa na homa wala njaa. Alikosa watu. Mpwa wangu naye alipata kazi nzuri ya kutunza chanzo cha maji huko mlimani, mshahara wa kila mwezi, nyumba ya bure, na mtu wa kuzungumza naye akipita mara moja kwa wiki; akaiacha baada ya miezi saba na ukoo mzima ukamwita mvivu. Leo ni wakala wa tiketi kituo cha mabasi. Anaingia kazini saa kumi alfajiri, anabishana na abiria, makondakta na wauza karanga mpaka jua linazama, na anarudi nyumbani akiimba. Mvivu gani huyo? Mwanafunzi wa namna yake tunampigisha magoti kwa kuzungumza na jirani yake, wakati huenda hajalielewa somo mpaka alitamke kwa mdomo wake mwenyewe. Wengine hufikiri ndipo waseme, na wengine husema ndipo wajue wanafikiri nini, nami ni mmoja wao.

Nyumba za kizamani za pwani, nadhani, zililijua jambo hili kuliko sisi. Mbele kuna baraza, na anayetaka watu anakaa hapo, kila mpita njia atamsalimu na kumpa habari za mji. Nyuma kuna ua, na anayechambua mchele au kusuka ukili huko hakuna anayemwuliza kwa nini hayuko barazani. Siku hizi tumejenga sebule moja yenye televisheni moja, na wote tunatakiwa tuwe humo.

Kuna jambo ambalo wakimya wanadaiwa, na sitalificha. Salamu ni wajibu. Ukimya haumpi mtu ruhusa ya kumpita mzee bila kumwamkia, au kutokanyaga msibani kwa sababu watu ni wengi. Mke wangu, huyo huyo anayeshiba watu, hajakosa msiba hata mmoja mtaani kwetu. Ila hutamkuta kwenye mkeka wa mazungumzo. Yuko nyuma kwenye mafiga, anaosha masufuria au ndiye anayeshika daftari la rambirambi, na hesabu yake haijawahi kupungua shilingi. Wanaosimama kutoa shukrani kwa niaba ya wafiwa hutajwa majina. Waosha masufuria hujumuishwa katika "na wengine wote".

Na lipo onyo moja kwa wazazi na walimu ambalo ni zito kuliko yote niliyoyasema. Mtoto aliyekuwa mkimya tangu anaanza kutambaa si sawa na mtoto aliyekuwa akiongea akanyamaza ghafla. Huyu wa pili ana jambo. Pengine ni njaa, pengine msiba, pengine kuna mtu anamtendea ubaya na kumtisha asiseme. Tukizoea kuwaandikia wote "achangamke" tunapoteza uwezo wa kuwatofautisha, kwa kuwa neno moja limewafunika wote, na yule aliyepaswa kukimbiliwa ameambiwa ajitahidi.

Nimemaliza kueleza, Mhariri, ila nisimulie ripoti ile iliishia wapi. Ina nafasi ya maoni ya mzazi au mlezi, mistari miwili ya nukta nukta ambayo wengi wetu huijaza kwa neno "Nimeona" na sahihi. Binti yangu alinipa kalamu, akasema mimi ndiye mwalimu wa nyumba hii. Niliandika kwanza pembeni, kwenye karatasi ya majaribio: "Tafadhali aulizwe kisha asubiriwe, akisubiriwa hujibu vizuri. Tafadhali asilazimishwe." Jioni nikamwita mjukuu wangu bandani nikamsomea, kwa kuwa habari ni yake, nikamwuliza kama pana kosa. Sikumharakisha. Kuku walikuwa wanaingia mmoja mmoja. Akawahesabu mpaka wa mwisho, akatia komeo, akapangusa mikono kwenye kaptula. Ndipo akasema, "Babu, 'tafadhali' umeiandika mara mbili." Nimeifuta ya pili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga.